Mama Mkwe na Somo Wake

Niliishia darasa la saba, kwa hivyo huenda nikakosea mahali. Lakini hili nililiona mwenyewe, na nitajaribu kuliandika bila kumpendelea mtu, hata mimi.

Mama mkwe wangu hapa Gesima alizeeka bila kubatizwa. Jumamosi aliwacheka majirani Waadventista wakipita na nguo zao safi, Jumapili akatucheka sisi Wakatoliki. Kisha mwaka huu, meno ya mbele yakiwa yameisha yote, akasema anataka ubatizo. Akachagua na somo wake, mtakatifu ambaye angechukua jina lake: yule mama wa Afrika ya Kaskazini aliyemlilia mwanawe mtukutu miaka na miaka, hadi mwana akaongoka na kuwa askofu.

Shida ilikuwa padri. Ametoka upande wa ziwa, lugha yetu ya Ekegusii haijui, na hambatizi mtu mzima asiyeweza kusimulia maisha ya somo wake mbele ya waumini. Ukishindwa, unangoja mwaka mwingine.

"Mwaka mwingine atambatiza nani, kaburi?" mama mkwe aliuliza.

Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Basi nikawa mwalimu wake na mkalimani pia.

Tulisomea kwenye majani chai. Tukimaliza kuchuna mstari mmoja, natoa kijitabu kwenye aproni, nasoma ukurasa, namgeuzia kwa Ekegusii. Machozi ya mtakatifu hayakumvutia.

"Analia kila siku! Ng'ombe wake anakamuliwa na nani?"

Lakini tulipofika mahali ambapo mtakatifu, akiwa bado mke mgeni, anachukiwa na mama mkwe wake kwa sababu ya umbea wa watumishi, kisha anamshinda kwa upole, aliweka kikapu chini akasikiliza. Nakiri ukurasa ule niliusoma mara mbili. Sijui kama ilikuwa kwa nia njema.

Siku yenyewe ya kusimulia, kanisa lilijaa. Padri akauliza, "Nyanya, ni nini kilikugusa katika maisha ya somo wako?" Katekista alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa, akingojea machozi. Mama mkwe akasema maneno yake kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Wanawake wakashika midomo. Kanisa zima lilikuwa limeelewa, ila padri tu.

"Anasema mtakatifu alikuwa na mama mkwe aliyesikiliza umbea," nikaanza. "Anasema..." Mume wangu alikuwa benchi la tatu.

Mama mkwe akanipiga kiwiko.

"Anasema yeye ndiye mama mkwe wa namna hiyo. Jirani alimwambia kwamba mimi, mkamwana wake, napeleka ndizi zake kwetu, naye kwa mwaka mzima hakunisalimia. Anasema mimi sikujibu kwa ubaya hata siku moja. Anataka somo huyu kwa sababu anajua mama wakwe."

Watu wakanitazama kana kwamba mtakatifu ni mimi. Nikashindwa kuvumilia.

"Fadha, hili ni langu, si lake. Mkungu mmoja nilipeleka kweli, bila kuuliza. Na kujibu nilijibu, ila nilijibia jikoni."

"Mkalimani anatafsiri, haungami!" katekista akafoka.

Mama mkwe akataka kujua nimesema nini. Nikamwambia.

"Mmoja? Ilikuwa miwili! Mashina niliyaona."

Nikamgeukia padri. "Ilikuwa miwili, Fadha."

Kanisa likaangua kicheko. Padri alivua miwani akapangusa macho. "Nyanya amepita," akasema. "Na mkalimani amepita, ingawa hakuulizwa."

Jumapili iliyofuata maji yalipomgusa kichwani, vigelegele vilianzia benchi la nyuma vikaja hadi altareni. Aliukataa mkono wangu, akatoka mbele yetu sote.

Kwetu mkamwana hamtaji mama mkwe kwa jina. Jumatatu, tukiwa kwenye majani chai, akasimama mwisho wa mstari.

"Jina hili sikupewa na ukoo," akasema. "Niite."

"Mama, siwezi."

"Niite, nisikie linavyokaa."

Nikaita, mara ya kwanza kama mtu anayeiba. Ya pili ikafika kwa majirani, wakainua vichwa kutoka kwenye vikapu vyao. Akaweka mikono kiunoni, akaitika kwa nguvu.

"Tena!" akasema. Nikaita tena.