Video ya Maji Chini ya Macalder

Kazi yangu ofisini Homa Bay ni kuchora kisichoonekana: maji yaliyo chini ya ardhi. Tunapima kwa mitambo, tarakimu zinaingia kwenye programu, na programu inazigeuza kuwa picha unayoweza kuizungusha kama kiazi mkononi. Nilipopima karibu na shimo la dhahabu ambamo kaka yangu alichimba, kule Macalder, niliona kitu kilichonikata maini. Handaki la zamani lilikuwa limejaa maji, na ukuta mwembamba tu ndio uliolitenga na shimo la kaka na wenzake.

Kaka aliniamini papo hapo. Shida ilikuwa wenzake.

"Mzee mwenye shimo hataki mambo ya karatasi," aliniambia kwa simu. "Na mimi nikitoka peke yangu, hao wengine je? Leta video, dada. Wakiona maji ikitembea, watatoka wote."

Mwenye shimo ni Msabato, na Jumamosi hakuna anayeshuka. Wachimbaji wote, hata wasiosali, hula kwake baada ya ibada. Ndiyo siku pekee ya kuwapata pamoja juu ya ardhi. Nikaahidi Jumamosi hiyo.

Mimi na ubishi wangu! Video ilikuwa ya picha mia tatu, maji yakipanda kadiri mvua inavyonyesha. Kila nilipojaribu kuitoa, kompyuta ilikoroma, ikaganda, halafu programu ikajifunga bila hata kuaga. Nikaazima memori ya kompyuta ya mwenzangu, nikaipachika kwenye yangu. Ikafika mbele kidogo, ikafa tena. Mwenzangu akanishauri niipunguze ukubwa, na maji niyape rangi moja tu isiyopitisha mwanga. Nikakataa. Nilitaka yang'ae. Niseme ukweli: nilitaka wazee wale waone binti yao alivyosoma.

Jumamosi ikafika sina video. Nikampigia kaka, nikamwomba anipe mpaka Sabato ijayo.

Akacheka. "Sawa tu, dada. Tutangoja."

Jumatatu nikaugundua ugonjwa wa kompyuta. Programu ilikuwa ikishikilia kila picha kichwani hadi ya mwisho, ndipo iandike video. Dawa ni kuiamuru ihifadhi kila picha peke yake kwenye diski, iisahau, iende kwa nyingine, kisha uziunganishe. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa bado mbali, nikaanza kuchagua rangi.

Jumatano mvua ilinyesha Nyatike, huko huko machimboni, mchana kutwa. Alasiri maji yakavunja ukuta. Wawili walitoka. Kaka alikuwa mbele kabisa, hakutoka.

Nilimlilia mpaka sauti ikanikauka, na hadi leo nalia. Siku chache baada ya mazishi, mwenye shimo alikuja nyumbani kukaa na mama. Akaomba kuona ile video ambayo marehemu alikuwa akiisema kila siku. Sikuwa na moyo wa kuifungua. Nikamwonyesha kwenye simu picha moja tu, niliyoihifadhi siku nilipoliona handaki: maji ya buluu huku, shimo lao pale.

Aliichukua simu, akaweka kidole katikati.

"Hapa ni sisi? Na hii ni maji?"

"Ndiyo, baba."

"Na hii picha ulikuwa nayo tangu lini?"

Nikamwambia. Mama alikuwa ameketi pale pale, anasikia.