Bei ya Kuukwepa Mndimu

Fundi alinipa bei mbili. Ya kwanza, kuongeza vyumba viwili upande wa nyuma kwa kukata mndimu. Ya pili, karibu maradufu, kuvijenga ubavuni na kubomoa jiko la zamani lililosimama pale. Mimi nilitaka ile ya kwanza. Pesa yangu naitafuta mbali, mjini Punia, kwenye barabara ya matope inayomeza malori, na sikuona sababu ya kuimwaga kwa ajili ya mti.

Mama aliiona. Chini ya mndimu ule tuliamini amelala mdogo wangu wa kike, aliyekufa kwa homa miaka ya vita, mji wetu wa Kindu ulipozingirwa na njia ya makaburini ikafungwa kwa bunduki. Baba na majirani wawili walimzika uani, mvua ikinyesha. Sisi wanawake hatuendi kuzika, ndiyo desturi yetu Waislamu wa hapa, hata kaburi likiwa uani kwako. Tulikaa nyumba ya jirani, mlango umefungwa. Baadaye baba alimshika mama mkono, akamwonyesha mndimu. Sasa baba naye ni marehemu.

"Pesa iko ya kwako," mama aliniambia. "Mutoto iko wa kwangu."

Hasira zangu ziko karibu. Nilimjibu kwamba wafu hawalipi kodi ya nyumba, kisha nikanuna. Lakini hata mimi, tangu utotoni, sijaonja ndimu za mti ule. Zikiiva tunawagawia watu. Mwishowe nililipa bei kubwa.

Vijana wa fundi wakavunja jiko, wakang'oa mafiga, wakaanza kuchimba msingi. Sururu ikagonga ubao. Fundi aliponiita niliutambua kwa rangi ya buluu na bawaba yake: ulikuwa mlango wa chumba chetu cha nyuma, ambao baba alisema askari wameuiba. Siku ile ya mvua, uani mote maji, pakavu palikuwa pale tu, chini ya paa la jiko. Baba alimlaza mtoto pale, akamfunika kwa mlango, kisha akashindwa kumwambia mkewe kwamba hapo ndipo atakapokoka moto kila asubuhi. Nilimchukia baba kwa uongo ule, na papo hapo nikamhurumia.

"Fukia," nilimnong'oneza fundi. "Tutamwambia mama udongo ni mbaya."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliutazama ule ubao, kisha akaketi chini, kwenye majivu. Miaka yote amepika sombe, majani yetu ya muhogo, pale, na kila Ijumaa akaenda kuomba dua kwenye mti. Nilingoja alie. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya udongo, akakiacha hapo.

"Murudishe jiko yangu," alisema. "Kumbe mutoto hakusikiaka baridi."