Tundu Chini ya Mlingoti

Domitille alirudi Goma siku ya tatu baada ya volkano, wakati majirani wengi walikuwa bado Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Huko Murara nyumba yake ilikuwa imefunikwa yote na mawe ya volkano, nayo yalikuwa ya moto bado. Hakukaa kulia. Alishuka moja kwa moja hadi Himbi, ufukweni mwa ziwa, kuangalia mashua.

Aliikuta imejaa maji hadi kwenye viti. Marehemu mume wake, Buhendwa, ndiye aliyeiunda, kisha yeye na Domitille wakaishonea tanga la shiti, turubai la plastiki la bluu. Tangu vita vya mwaka tisini na nane vimwue Buhendwa, Domitille alivuka nayo peke yake hadi Minova kuleta mihogo. Watu walimcheka: mwanamke na tanga! Akawaacha wacheke.

Mahamudi, seremala jirani yake, aliigonga ubavuni akatikisa kichwa.

"Mama, hii ilishakufa. Pasua kuni, watu wanakosa makala ya kupikia."

"Nyumba ilienda na volkano, bwana alienda na vita. Hii hakuna mutu atanikamatia. Uko na patasi ao hauna?"

Waliivuta nchi kavu, wakayamwaga maji, wakaiinua juu ya mawe ikauke siku mbili. Mahamudi alitaka kuziba nyufa zote upya. Domitille akakataa, kwani lami waliyokuwa nayo ilikuwa kopo moja tu. Akazoa majivu ya volkano, akaisugua mashua upande wa nje mpaka ikawa kijivu kote, kisha akamimina maji ndani. Wakachuchumaa, wakangoja kuona yatapenya wapi.

Ubavuni, alikokuwa akipaka lami miaka yote, palibaki pakavu. Doa jeusi lilijitokeza chini kabisa, mlingoti uliposimama. Msumari ulikuwa umeliwa na kutu, na mbao iliyouzunguka imelainika kama muhogo uliochemshwa. Wakakata palipooza, wakatia kiraka cha mbao mpya, wakashindilia pamba na lami pembeni.

Lami ilipokauka tu, wakatokea askari watatu wa waasi walioushika mji, pamoja na komanda wao.

"Hii boti ni ya jeshi sasa," komanda akasema.

Domitille akaingia ndani, akapiga magoti, akaweka ncha ya patasi juu ya kiraka.

"Tundu ninalijua. Ukitia mguu humu, ninalifungua."

"Unajua ninaweza kukupiga risasi?"

"Piga. Kisha utafute mwenye kukuonyesha namna tanga linashikwa."

Komanda akamtazama, akalitazama lile shiti, akatema mate. Akamuuliza Mahamudi wapi kuna boti yenye mota. Mahamudi akasema hajui. Wakaondoka.

Saa ileile Domitille akaisukuma majini. Njiani kwenda Minova alipapasa chini ya mlingoti mara nyingi. Pakavu.

Huko Minova, dada yake Jeanine alimsihi abaki. "Goma kuna nini tena?"

"Mimi niko," Domitille akajibu, akaendelea kupakia mihogo.

Kesho yake upepo ulikuwa mdogo. Alifika Goma saa kumi jioni, viganja vimechubuka kwa kasia.