Ua la Hamira la Kapitolina

Saa mbili kasorobo asubuhi, ghorofa ya nne ya maabara ya hamira, Kisiwa cha Vasilyevsky. Kapitolina Arkadyevna amesimama mbele ya kabati la joto, aproni kaifunga, mkono uko kwenye kitasa, na hafungui.

"Fungua basi, moyo wangu utapasuka!" anasema Gleb Ilyich, mtafiti wa miaka thelathini na minne.

"Moyo wako tu? Wangu una miaka sitini na mitatu. Usinisukume."

Ndani kuna visahani kumi na viwili katika marundo mawili. Rundo la kushoto linatakiwa liwe jeupe, la kulia liwe jekundu. Moja likienda kombo, kazi ya Gleb ya miaka mitatu imekwenda na maji, na mama huyu anajua kuwa sufuria yake ndiyo iliyoimwaga.

Kapitolina si mwanasayansi. Ni mpishi, ila anaowapikia ni hamira, wale vijidudu hai wanaoumua mkate. Kwa miaka ishirini na sita amekoroga agari, ule unga wa mwani unaogandisha chakula chao, pamoja na sukari na chumvi, akavipika kwa mvuke na kumimina visahani mia tatu kwa siku. Mgongo umechoka, vidole vina makovu ya chupa za moto. Lakini muulize hamira hizi zina ajabu gani, uone macho yanavyomng'aa.

"Watu wanadhani urithi wote umeandikwa kwenye vinasaba," anasema. "Hamira wangu wanawacheka! Ndani yao kuna protini iliyojikunja vibaya. Ikikutana na mwenzake mzima, inamkunja naye. Chembe ikizaa, mtoto anaondoka na mikunjo ya mama yake. Maandishi ni yale yale, tabia imebadilika. Hiyo ndiyo prioni."

Kuitambua kwa macho ni rahisi. Hamira za maabara hii zenye prioni huwa nyeupe, zisizo nayo huwa nyekundu. Ukizilisha chumvi iitwayo guanidini, prioni hupotea na vizazi vinavyofuata hugeuka vyekundu.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Vuli iliyopita Gleb alipata aina mpya, nyeupe pe, ambayo hakuwahi kuiona. Jokofu la barafu kali lilikuwa bovu, likisubiri fundi, kwa hiyo aina hiyo ikawa inaishi kwenye visahani tu, ikihamishwa mwezi hadi mwezi. Mwezi wa Aprili Kapitolina akafanya alichofanya miaka yote: akayeyusha mabaki ya agari kutoka chupa mbalimbali na kumimina visahani vipya, maana kutupa chakula hawezi. Chupa moja ilikuwa ya Gleb, yenye guanidini. Lebo yake ilikuwa imefutika kwa maji.

Gleb akahamishia hamira zake humo na kutupa visahani vya zamani; wiki mbili baadaye, nyeupe zote zilikuwa nyekundu.

"Nililia chooni," anasema. "Halafu nikanawa uso, nikaenda kumwambia. Ningenyamaza, nani angejua? Mimi ningejua."

Gleb hakumfokea. "Angekuwa mtu mwingine ningemrukia," anakiri. "Huyu ndiye aliyekuwa ananilisha supu ya kabichi nikiwa mwanafunzi, sina mbele wala nyuma."

Jioni hiyo Kapitolina aliandika barua ya kuacha kazi, kisha akafungua friji yake ya nyumbani kutafuta chochote cha kutia tumboni. Nyuma ya chupa ya matango ya siki kulikuwa na kisahani kimefungwa vizuri. Kila tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake, wenzake wa maabara humchorea ua kwa hamira za rangi mbili. Tangu mumewe afariki, hayo ndiyo maua pekee anayoletewa. La mwaka huu lilikuwa na kitovu chekundu na petali nyeupe, na Gleb alipomkabidhi alijigamba kwamba petali kazichora kwa ile aina yake mpya.

"Nilipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta! Nikampigia simu: Gleb mwanangu, ua lako bado liko hai, njoo uvune!"

"Nikamwambia usiliguse, usilipumulie, usilitazame hata!" anacheka Gleb.

Walikwangua petali moja. Kapitolina akasugua sufuria mara tatu, akapika vyakula viwili: kimoja cha kawaida, kingine chenye guanidini, safari hii kwa makusudi. Kwenye cha kawaida hamira zikibaki nyeupe, aina imepona. Kwenye guanidini zikigeuka nyekundu, basi ni prioni kweli, maana badiliko la vinasaba halitishwi na chumvi hiyo.

Sasa, mbele ya kabati, Kapitolina anavuta pumzi na kufungua. Rundo la kushoto: jeupe, visahani vyote sita. Anavuta la kulia, anainua kifuniko cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Nyekundu! Gleb, nyekundu kama supu yangu ya viazi vyekundu!"

Wanakumbatiana katikati ya korido, mtafiti na mpishi wake, wakirukaruka mpaka watu wanachungulia milangoni.

Jokofu limeshatengenezwa. Gleb anajaza daftari, na kwenye safu ya chanzo anaandika: friji ya Kapitolina Arkadyevna.

"Kwa wino usiofutika," anamwamuru.

Barua ya kuacha kazi ameichana. Shamba lake la viazi kule Luga litamsubiri mwaka mmoja zaidi. Kisahani cha zawadi kimebaki na petali saba, na Gleb anataka kumzibia pengo.

"Liache hivyo hivyo," anasema Kapitolina, akikifunga upya. "Machi ijayo nichoree tulipu. Nyeupe yote, ya watoto wa petali ile. Nikishaipokea ndipo nistaafu."