Mughwai Hajui Kiswahili

Dorika, mjane wa Mughwai, hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Nalisema hili mapema kwa sababu ninachosimulia ni hofu yake, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani alikuwa mwoga. Mwanamke huyu aliwahi kumfukuza fisi zizini kwa mchi wa kutwangia, kisha akarudi kuendelea kutwanga uwele kwa mchi ule ule. Alizika watoto wawili wachanga, akaja kuzika na mume. Alibaki na binti mmoja, Luciana, pamoja na ulimi mkali ambao sisi Wanyiramba tuliuonja kila siku, maana Mnyaturu na Mnyiramba ni watani, na yeye katika utani hakuwa na huruma.

Mimi ni Zefania, mtu wa Kinyangiri. Mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini, nilikuwa mgambo wa miaka ishirini na minne, nimevaa kaptura iliyonizidi kiuno na kofia niliyoiona kuwa ndiyo serikali yenyewe. Tulitumwa upande wa Mgori, ambako kila mtu aliishi peke yake na mashamba yake, tuwapakie watu kwenye malori tuwapeleke kijiji kipya, mwendo wa saa tano kwa miguu. Sikuwa mkatili. Nilikuwa mjinga, na mjinga akipewa kofia watu wataumia.

Kwa Dorika tulifika asubuhi moja ya Septemba. Mpaka jua limepanda, vyombo vilikuwa vimepakiwa, kuku wamefungwa miguu, na Luciana ameketi juu ya magunia na mimba yake ambayo ilikuwa bado changa. Mume wa Luciana alikuwa kibarua kwenye mkonge huko Korogwe. Dereva akapiga honi. Ndipo Dorika akaniomba nafasi kidogo akaseme na mumewe.

Mughwai alikuwa amezikwa miaka miwili kabla, ndani ya zizi, kati ya ng'ombe wake, kama ilivyokuwa desturi kwa mwenye mji. Alikufa bila kubatizwa. Dorika na Luciana walibatizwa baadaye, kwa Wakatoliki. Lakini ubatizo haukuwaondolea jambo moja walilolijua tangu utotoni, kwamba ukihama bila kumwambia marehemu, atakuja kwake akute patupu, aanze kuwatafuta watu wake. Na marehemu anayekutafuta, akikupata, hataki mwachane tena.

Basi akaingia zizini na kibuyu cha maziwa, akachuchumaa, akaanza kusema taratibu kwa Kinyaturu. Hapo mimi nikaingiwa na wasiwasi. Tulikuwa tumeonywa kwamba kuna watu wanailaani operesheni, na wiki ile mgambo mwenzangu alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori akavunjika mguu. Kinyaturu sikukijua hata neno. Nikamsogelea na fimbo yangu mkononi.

"Sema kwa Kiswahili, mama, nisikie," nikamwambia.

Alinitazama, akaitazama fimbo. Honi ikalia tena. Akageukia kaburi na kusema Kiswahili cha darasa la kisomo cha watu wazima, neno moja moja, kama anayesoma ubaoni. Alisema kwamba wanahama, kwamba wanapelekwa kijiji kipya, kwamba hawajamtupa. Akamwaga maziwa akapanda lori. Mimi nilijiona nimefanya kazi nzuri, na njiani nikaimba.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya nyumba zilizoelekeana, na mimi niliachwa pale kuzuia watu wasitoroke kurudi kwao. Novemba alikuja Martha, dada yake Mughwai, kumtembelea wifi yake. Waliongea habari za mvua, wakaongea habari za mimba, kisha Martha akauliza kama kaka yake aliagwa. Dorika akasema ndiyo, akaeleza ilivyokuwa, mpaka habari ya mgambo na Kiswahili. Alieleza huku anacheka, kwa kuwa aliniona mimi kichekesho. Martha hakucheka.

"Kaka yangu alijua Kiswahili lini?" aliuliza.

Mughwai katika maisha yake yote alijua maneno mawili tu ya Kiswahili, kodi na mnada, na yote mawili aliyachukia. Kwa hiyo alichosikia siku ile ni mkewe akimsemesha kwa lugha ya watoza kodi, kisha mlio wa lori, kisha kimya. Dorika alilielewa hilo pale pale, bakuli la ugali likiwa mkononi. Aliniambia baadaye kwamba alibaki ameketi mpaka ugali ukapoa.

Kuanzia siku hiyo utani uliisha. Alianza kulala kizingitini, amejilaza mlangoni mzima mzima, ili atakayeingia amruke yeye kwanza. Juu ya mlango alitundika rozari, na chini yake akamwaga majivu mstari mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Kila asubuhi aliyakagua majivu yale kabla hajanawa uso. Nilipompa shikamoo aliitikia bila kuniangalia.

Mwezi wa Januari Luciana alianza kuvimba. Kwanza miguu, halafu mikono, halafu uso ukajaa mpaka macho yakawa madogo. Alilalamikia kichwa na vimulimuli mbele ya macho. Mhudumu wa zahanati alisema huyu apelekwe hospitali mjini bila kuchelewa, na lori la kijiji lingempeleka likipata mafuta. Mafuta yalikuwa yanangojewa tangu Krismasi.

Dorika alikwenda kwa katekista Gaspari, mzee mpole aliyevaa koti hata kwenye jua. Akamweleza yote. Gaspari alimfundisha kwamba marehemu wako mikononi mwa Mungu, hawatembei, na hata kama Mughwai angekuwa na shida, Mungu anasikia lugha zote za dunia.

"Mungu anasikia zote, baba," Dorika akamjibu. "Mughwai anasikia Kinyaturu tu."

Gaspari alinisimulia maneno hayo mwenyewe, na akakiri kwamba alisali tu. Kutoka kwake Dorika akaja moja kwa moja kwangu. Alitaka nimruhusu arudi Mgori kwa siku moja. Nilikataa. Nilisema amri ni amri, nikataja na katibu wa kijiji, nikasema mambo ya mizimu yamepitwa na wakati. Nilisema mengi, na moyoni niliogopa, kwa sababu sisi nasi kwetu tuna wafu, na hao wetu hawakosi ukali.

"Ulinifunga mdomo wewe," aliniambia. "Nipeleke ukanifungue."

Nikamwambia aondoke. Jioni ile ile Luciana alianguka kando ya kisima. Nilikuwa karibu, nikamwinua pamoja na wanawake wawili. Mwili wake ulikuwa umekakamaa, macho yamegeuka, na ulipolegea akaanza kusema Kinyaturu kwa sauti tulivu, akitazama nyuma ya bega langu kama anayemjibu mtu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikamuuliza Dorika, aliyekuwa amekuja mbio, Luciana anasema nini. Alikuwa amemshika binti yake kichwa.

"Anamwambia baba yake, tuko huku," alisema.

Sikulala. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Dorika, nimeacha kofia nyumbani. Tulimwacha Luciana na Martha, aliyekuwa amekuja kumuuguza, Gaspari akakaa njiani kulingojea lori, na sisi wawili tukashika njia ya Mgori. Tulivuka korongo, tukapita nyumba za tembe zilizoezuliwa, kuta zimebaki zimesimama na milango wazi, na ndani jua limeanguka hadi kwenye mafiga. Nilikuwa nimeziezua nyingine mimi mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, na sikumbuki siku nyingine niliyoogopa mchana kiasi hicho.

Tulipofika, zizi halikuwepo. Trekta lilikuwa limelima pote kwa ajili ya shamba la ujamaa, na uwele ulikuwa umeshafika kiunoni. Mahali pa zizi palijulikana kwa mbolea tu, kwani uwele wa pale ulikuwa mweusi na umeupita mwingine kwa shibiri mbili. Lakini ndani ya eneo hilo hakuna aliyeweza kusema Mughwai amelala wapi. Dorika alivua katambuga zake. Aliinua mguu aingie, akaurudisha. Akazunguka upande wa pili, akainua mguu tena, akaurudisha. Aliogopa kumkanyaga. Nilimwona mwanamke aliyemfukuza fisi akilia kwa sababu hajui aweke mguu wapi, na nikaona aibu ambayo mpaka leo sijaizoea.

Mwishoni alichuchumaa pembeni, akamwaga maziwa kwenye mizizi ya uwele, akasema. Alisema kwa muda mrefu, kwa Kinyaturu, na sauti yake haikuwa ile niliyoijua. Mara ilibembeleza, mara iligomba, kama mke anavyomgombeza mume aliyechelewa. Sikuelewa kitu. Nilisikia Luciana, nikasikia tena Luciana. Halafu nikasikia Zefania. Halafu Kinyangiri.

Nikataka kumuuliza, lakini alikuwa bado anasema. Alipomaliza aliinuka, akavaa katambuga, akaniambia tutembee na nisigeuke nyuma mpaka tuvuke korongo. Uwele nyuma yetu ulianza kuchakarisha. Upepo haukuwepo. Labda alikuwa mbuzi. Nimejiambia miaka yote hii kwamba alikuwa mbuzi. Wakati ule nilitembea huku shingo imekaza, jasho linaniingia machoni, na sikulifuta nisije nikageuza kichwa kwa bahati mbaya.

Tulirudi jua limeinama. Nyumba ya Dorika ilikuwa imefungwa. Gaspari alitukuta akiwa anakimbia na koti lake, akasema lori lilipata mafuta mchana, saa ile ile tuliyokuwa shambani, na Luciana amepelekwa mjini na Martha, akiwa hajitambui. Hakuna aliyejua zaidi ya hapo. Siku tatu Dorika alikaa uani bila kula, na kila mtu aliyetokea barabarani alimtazama miguu kwanza, kuona kama anatembea mwendo wa mtu aliyebeba habari ya msiba.

Siku ya nne dereva alileta habari kwamba Luciana yuko hai. Amejifungua mtoto wa kike, mdogo sana, lakini analia kwa nguvu. Dorika aliinama akaweka paji la uso kwenye udongo, akalia mpaka wanawake wakamwinua. Gaspari alisema ni sala. Mhudumu wa zahanati alisema ni sindano za hospitali na kuwahi. Martha, aliporudi kutoka mjini, aliyafagia yale majivu ya mlangoni akayatupa mbali.

Luciana alirudi baada ya wiki tatu, uso wake umepungua ukawa wake tena. Nilikwenda kumpa pole na kumpa hongera. Nilimkuta Dorika anapepeta uwele uani, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba akanitania, akasema Wanyiramba tunakuja mahali tunaposikia kuna uji wa mzazi. Nilicheka. Kisha nikamuuliza lile lililonikosesha usingizi, kwamba siku ile pale shambani, jina langu alilitaja kwa sababu gani.

Aliweka ungo chini. Hakuficha.

"Nilimwambia ukweli. Nilimwambia si mimi niliyemtupa, aliyenizuia ni Zefania wa Kinyangiri. Nikamwambia kama ana hasira aje kwako, amwachie binti yangu."

Niliketi kwenye kinu. Nikamwomba. Nilimwita mama, nikamwambia nilikuwa kijana, nilikuwa natumwa, sikujua. Nikamwomba turudi Mgori kesho yake, akaliondoe neno lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, na naapa alinionea huruma, kwani macho yalimlengalenga.

"Nikiliondoa kwako, mwanangu," alisema, "nilipeleke kwa nani?"

Mlangoni Luciana alikuwa ameketi ananyonyesha, na mtoto alikuwa ameushika ukingo wa khanga ya mama yake. Wiki ile ile nilianza kujifunza Kinyaturu.