Ua la Dada na Maji ya Mombo

Nakumbuka siku moja ya Mei tulipomzika dada yangu hapa Mlola, ukungu ukatufunika makaburini hata tusionane vizuri. Katika vitu vyake niliomba ua tu, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, ambalo mama alilitoa kwenye miamba ya msituni. Nikashuka nalo Mombo, nilikokuwa nimeolewa wakati huo, nimelipakata kwenye kopo lake.

Mwanangu, unahamia huko, basi nisikilize. Maji ya kisima chetu yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika. Nililimwagilia hayo hayo. Majani yakaingia madoa, udongo ukaota weupe pembeni. Majirani wakasema ua linamlilia mwenyewe. Mimi, niliyemwona dada kila nilipofumba macho, nikaamini. Nikazidisha maji.

Shangazi akaja kunitazama. Alipoitikia shikamoo yangu alikuwa ameshakwangua ule weupe kwa ukucha, anauonja.

"Nani kasema linalia?"

"Majirani, shangazi."

"Na wao wanywe haya bila majani ya chai, tuone kama hawatalia." Kisha akanishika bega. "Usimsingizie marehemu. Dada yako alilinywesha maji ya mvua, si haya ya chumvi."

Ua lile halikupona. Tulichuma jani moja lililobaki zima, tukachomeka kikonyo chake kwenye udongo mpya. Ilikuwa kiangazi, mvua hakuna, kwa hiyo shangazi alinitumia dumu la maji ya mto kwa basi kutoka huku milimani. Majirani wakacheka, "Leo mgonjwa kaletewa uji?" Nikacheka nao, mara ya kwanza tangu msiba. Siku moja, chini ya jani lile, vikachungulia vijani vidogo kama masikio ya panya.

Basi weka beseni chini ya bati, ukinge mvua. Ukikosa, chemsha maji, yatulie, utumie ya juu. Ukoko unapungua, hauishi kabisa. Usiloweshe majani. Mimina kwenye kisahani, ua linywe kwa chini, kisha mwaga yanayobaki. Ukiona weupe, badilisha udongo. Na kitu cha marehemu kikinyauka mikononi mwako, kwanza tazama unachokinywesha.

Mungu akupe mikono mipole, na mvua ikukute nyumbani.

Jana jioni nilichuma jani lako. Nimelifunga kwenye kitambaa kibichi, nikaliweka juu ya begi lako.