Maombi yangu ya Noeli mbele ya Mama na Kavira

Leo niliomba kwa sauti, na batu bote bakafungua macho.

Mama alitangaza kama Noeli hii, kwake hapa Butembo, hapana zawadi ya kununua. Kila mutoto atamushukuru Mungu juu ya mutu wa jamaa na kumuombea, basi.

Lakini nilimujua Kavira, mudogo wangu. Nikawaza atatoka Beni na kitu kikubwa kama kawaida yake. Njo maana nikamununulia Mama kikwembe, kitenge kizuri sana.

Mama akakipokea. "Aksanti, mwanangu." Akakiweka pembeni ya kiti.

Na Kavira? Alikuja mikono mitupu!

Akapiga magoti, akamushika Mama mukono, akamushukuru Mungu kwa sababu Mama alilea mutoto wa Kavira wakati Kavira alikuwa mugonjwa hospitali.

Mama akalia. Bote bakalia.

Miye hapana. Miye njo mukubwa. Miye njo niko ninamupikia Mama kila siku, na hakuna mutu alilia!

Mama akapanguza machozi: "Masika, sasa wewe umuombee Kavira."

Nikafunga macho. Maneno yote mazuri ikanikimbia, ikabakia moja tu:

"Bwana, niko namuonea Kavira wivu. Tangu zamani."

Batu bote bakafungua macho.

Kavira njo alijibu wa kwanza, tena kwa nguvu: "Amina!" Kisha akaniangalia. "Yaya, mukubwa wangu, na miye niko nakuonea wivu. Wewe unaamuka karibu na Mama kila siku."

Tumekula pamoja. Lakini nisidanganye, wivu haijaisha yote.

Nyinyi mungeomba nini pale?